Pengo la Buhene

Picha imefika asubuhi na michirizi myeusi,
kama shati la mfungwa lililoanikwa juu ya mji.
Kule angani kioo kidogo kimegoma.
Nacheka peke yangu: kimegoma, juu ya Goma.
Tangu hapo kila setilaiti ikipita
inaacha mistari isiyo na bati, isiyo na mgomba,
sifuri tu, sifuri baada ya sifuri,
kama madumu matupu kwenye foleni ya bomba.

Byamungu anachungulia mlangoni, kalamu sikioni:
"Ziba mapengo kabla ya saa sita.
Watu wa maji wanataka kujua
wapi bado kuna watu."

Programu haina roho mbaya.
Inafanya ambalo hata mimi ningelifanya usiku, taa imezimika:
inapapasa, inauliza jirani.
Wewe wa kushoto, u nani? Lava.
Wewe wa kulia? Lava.
Basi na huyu wa katikati, asiyejibu,
ni lava.
Dakika nne, na picha ni nzima,
nyororo kama uji uliokorogwa vizuri.

Ila Jumapili nilikula maharage pale.

Pale pale, kwenye mstari wa mia nane na kumi na mbili,
kwa mama mdogo Kavugho.
Moto ulishuka usiku ule hadi uani kwake, ukagawanyika:
mkono mmoja ukala kanisa,
mkono mwingine ukala duka la Paluku na deni letu la sukari,
ikaungana tena mito miwili nyuma ya choo
na kuendelea na safari.
Yeye akabaki katikati na mbuzi mmoja,
na sufuria ambayo, anaapa,
haikuhitaji kuni siku tatu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
tulikaririshwa shuleni.
Hatukuambiwa habari za fundi
azibaye ufa na mtu yumo ndani.

Nimechukua pikipiki hadi lami inapokufa,
kisha miguu. Jiwe jipya linalia kama vigae,
linakula soli, halina kijia.
Nimefika nikihema, kipimo mkononi,
nikahesabu hatua: thelathini huku, thelathini huku.
Pikseli moja.
Ndani yake: vyumba viwili vya mbao,
matuta sita ya lengalenga,
mbuzi, kamba ya nguo, soksi za mtoto,
watu saba nikimhesabu anayenyonya.

"Unapima nini? Unataka kuninunua?"
Nikamweleza. Kioo, mistari, majirani,
jinsi mashine ilivyomfukia kwa heshima zote.
Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni,
halafu akacheka, na mwanya wake ukaonekana,
ule mwanya wa mbele ambao marehemu babu
alitolea mbuzi wawili zaidi.

"Na hili nalo," akagusa meno,
"mngeliziba?"

Nimerudi ofisini saa tisa.
Nimefungua safu ya tarakimu, nikafuta lava,
nikaandika kwa vidole vyangu viwili namba ya bati lenye kutu,
namba ya majani mabichi,
na pembeni, pale pa maelezo: *wapo, saba, wanachota mbali*.
Mapengo mengine nimeyarudishia weusi wao.
Sijui aliye ndani. Sijafika.

Byamungu ameitazama ramani muda mrefu.
"Ina matobo," amesema.
Ina matobo, nimekubali.
Akatazama viatu vyangu, kidole gumba kinachungulia nje,
akavuta kiti, akaanza kufungua kamba za vyake.
"Namba arobaini na tatu," amesema.
"Ukirudi navyo kesho, urudi navyo vyote viwili."